Kubaki na gari lililotangazwa hasara kamili: tathmini ya huduma ya kampuni yangu ya bima

Gari langu liligongwa upande wa mbele kushoto, na siku chache baadaye mtathmini wa bima akaandika kwamba ni hasara kamili. Maneno hayo hayamaanishi kwamba gari halitengenezeki. Yanamaanisha kwamba gharama za matengenezo zimekaribia au kupita thamani ya gari kabla ya ajali, kwa hiyo kampuni huona nafuu kulipa fidia na kuchukua mabaki. Niliomba kubaki nayo, kwa kuwa injini na giaboksi havikuguswa.

Katika hesabu sina la kulalamikia. Ofisa aliniwekea karatasi moja mezani: thamani ya gari kabla ya ajali, ukitoa bei ya mabaki, ukitoa na kiasi ambacho mkataba unamtaka mwenye gari akibebe mwenyewe. Ikiwa gari ni 100, mabaki 25 na mchango wako 5, unaondoka na 70 pamoja na gari lililobondeka. Niliomba kuona bei walizotaja wanunuzi wa magari mabovu nikapewa bila ubishi, na hilo si dogo, maana bei ya mabaki ikikuzwa, anayeumia ni yule anayebaki nayo.

Dosari ilikuwa kwenye maelezo. Nilisaini, nikakabidhi kadi ya gari, fedha zikaingia, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba usajili umefutwa na kwamba gari haliruhusiwi kutembea barabarani mpaka litengenezwe, likaguliwe na kusajiliwa upya. Hata gerejini lilifika likiwa limebebwa. Fundi alikuwa amekwisha kuanza kazi nilipoambiwa kwamba mkaguzi atataka picha za uharibifu wa awali na stakabadhi za kila kipuri. Picha za mtathmini zilikuwamo kwenye faili la kampuni, lakini nilizipata baada ya kuziomba mara tatu.

Fundi bodi anastahili sifa zake. Kabla ya kushika nyundo alivuta futi kutoka kona moja ya sehemu ya injini hadi kona ya mkabala, kisha akarudia kwa kona mbili zilizobaki, na vipimo hivyo viwili, ambavyo vinatakiwa kulingana, vikapishana kwa upana wa kidole. “Mzee, bampa litakaa vizuri tu,” alisema, “lakini gari litakwenda upande kama kaa.” Likafungwa kwenye mashine ya kuvuta chesisi kwanza, rangi ikaja mwisho.

Mkaguzi naye hakujishughulisha na rangi. Alipitisha kidole juu ya namba ya chesisi, akaisoma herufi kwa herufi, kisha akawasha swichi na kuikazia macho taa ya mifuko ya hewa, ambayo inatakiwa iwake kwa sekunde chache na kuzimika yenyewe. Isipowaka kabisa, humtia shaka kwamba kuna mtu aliyeinyofoa ili kuficha ubovu. Aliponikwamisha ni kwenye mikanda. Ile ya mbele, ambayo hujikaza kwa baruti ndogo wakati wa ajali, hufanya kazi hiyo mara moja tu, nami nilikuwa nimebadilisha wa dereva peke yake. Nilirudishwa nyumbani, na kwa haki.

Mara ya pili gari lilipita, nikapewa kadi mpya yenye maelezo kwamba liliwahi kutangazwa hasara kamili, maelezo ambayo kila mnunuzi atakayekuja atayasoma. Kampuni ileile iliyonilipa ilikataa kulikatia bima kubwa, inayofidia hata gari lako mwenyewe, ikakubali bima ndogo peke yake, inayofidia watu wengine tu. Ningeambiwa hayo mawili siku ya kusaini, huenda bado ningelichukua gari, lakini ile 25 ya mabaki nisingeikubali kabla ya kuijadili.