Nimelipia kusoma, nikaambiwa tatizo ni Dodoma

Jina la programu hii silitaji, wanaoitumia wataijua: ile inayokusanya makala ndefu za wikiendi za teknolojia, vyombo vya habari, biashara na maisha ya sasa. Unalipia kwa simu, kila mwezi wanakata wenyewe. Nimeisifia sana kwa wenzangu wa ofisini Mtumba. Sasa sikilizeni.

Jumamosi moja nipo nyumbani Kisasa, nasoma makala ya kebo za baharini zinazotuletea intaneti. Makala tamu kweli. Mnakumbuka Mei 2024 mtandao ulivyodorora? Mle wameeleza kwamba zilikatika kebo mbili, EASSy na SEACOM, na kwamba meli ya Léon Thévenin inayotengeneza kebo za namna hiyo ina kituo chake Cape Town. Nafika pale wanapoanza kueleza mafundi wanavyoiopoa kebo kutoka chini ya bahari, ukurasa ukajifunga. “Kifurushi chako kimeisha. Lipia kuendelea.” Kimeisha vipi? Meseji ya muamala ninayo, pesa imekatwa wiki hiyo hiyo!

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki weee, mwishowe akapokea dada mmoja. Sijamaliza hata kumsomea kumbukumbu namba, ananiuliza, “Kaka, uko wapi?” Nikamwambia Dodoma.

“Aa, huko Dodoma mtandao wenu ndiyo tatizo. Subiri ukae sawa, ujaribu tena.”

Mtandao wetu! Mwanangu yuko pembeni yangu anaangalia katuni YouTube kwa laini ya kampuni ile ile ya simu ninayotumia mimi, haikwami hata kidogo. Na programu yao yenyewe imeandika kifurushi kimeisha, haijaandika hakuna mtandao. Nikamweleza hivyo kwa upole. “Sasa kaka unataka nikufanyie nini?” Akakata simu.

Pesa yenyewe si kitu, kilichoniuma ni hilo “huko Dodoma”. Bunge liko hapa, wizara ziko hapa, UDOM imejaa vijana wanaosoma kwa simu, treni ya SGR inafika tangu 2024, bado kuna mtu amekaa Dar anayetuona tuko porini. Hakuniuliza namba ya simu. Hakufungua akaunti yangu. Jina la mji lilimtosha kufunga kesi.

Haki yao niwape: kwa makala, nyota nne, tena bila kusita. Kiswahili chao kimenyooka, hawakuchoshi, na mambo kama haya ya kebo kwingine ukiyakuta ni aya mbili. Kama wewe ni msomaji, jiunge tu.

Hapana, subirini kwanza. Mhariri hodari hapokei simu zetu, anayepokea ni yule dada. Nyota moja.

Siku chache baadaye kifurushi kikarudi chenyewe. Hakuna meseji, hakuna samahani. Nikaimalizia makala: meli inaburuta kulabu chini ya bahari mpaka inase kebo, inaipandisha juu, ndipo mafundi wanaunganisha nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, moja baada ya nyingine. Nimeisoma mara ya pili kwa raha zangu. Kisha nikaingia kwenye mipangilio nikaondoa malipo ya kila mwezi. Wakinitaka, wanipigie wao. Niko Dodoma, simu inapatikana.