Nikisema rangi ya maji, sisemi emalshani

Niliingia duka la hadiwea nikamwambia kijana, "Nataka rangi ya maji, ya bafu." Akanitolea kopo la emalshani nyeupe, ile rangi ya ukuta inayozimuliwa kwa maji. Hakukosea. Kwa muuzaji na fundi yeyote hapa Mombasa rangi ni mbili, ya maji na ya mafuta, basi. Mimi nilitaka rangi inayofanana na maji yenyewe: ule ubuluu usiokolea wenye kijani ndani yake, kama bahari ya Nyali asubuhi mapema wakati wa kaskazi, imetulia mpaka unaona mchanga chini. Tukaishia kuoneshana vidole kwenye kadi ya rangi. Nikachagua feruzi hafifu. Kwenye kadi ilipendeza, kwenye kopo ilipendeza, na saa sita mchana ukutani nilisimama mlangoni nikiitazama kama bwege.

Magharibi fundi keshaondoka, nikawasha taa. Mama mkwe akaingia kutia udhu, akatoka mikono ingali inachuruzika: "Mwanangu, mbona bafu limekuwa kama wodi?" Nikaenda kujitazama kwenye kioo. Uso niliouona ulikuwa wa mtu aliyelala na malaria wiki mbili.

Kwa hiyo mambo ya kuosheka, harufu na kukauka haraka sitayagusa hapa. Hayo kopo lenyewe linajisifia. Nataka tuzungumze jambo moja ambalo sijamsikia muuzaji hata mmoja akilitaja: ile rangi itakuwaje usiku, taa ikiwaka, na wewe umesimama mbele ya kioo.

Hebu fikiria. Rangi unaichagua saa tano mchana, mlangoni mwa duka, jua limekupiga usoni. Bafu lenyewe unaliingia alfajiri, magharibi, na kabla ya kulala. Rangi kali kama nyekundu au buluu ya wino haijali sana hayo, itabaki nyekundu, itabaki buluu. Lakini hizi rangi laini za maji zimetengenezwa kwa tone la buluu, tone la kijani na kijivu kidogo ndani ya ndoo ya weupe. Mwanga ukivuta upande mmoja tu, tone moja linajitokeza na mengine yanajificha.

Geuza boksi la balbu yako. Nyingi tunazouziwa zimeandikwa 6500K; hiyo K ni kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga. Huo ni mwanga mweupe wenye ubuluu ndani yake, na ukiuwasha kwenye feruzi unapata baridi ya wodi niliyokwambia. Za 3000K ni za njano kidogo, zinaelekea upande wa taa ya kandili. Hizo huzima buluu na kukuachia kijani au kijivu. Mimi nimeishia na 4000K, katikati. Na kama boksi lina maandishi CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonesha rangi halisi ya vitu, tafuta 90 au zaidi, kwa sababu hapo ngozi yako itaonekana ngozi. Balbu ni rahisi kuliko kopo la rangi. Laiti ningebadilisha balbu kwanza!

Mchana nao una vituko vyake. Bafu langu lina dirisha dogo la luva, juu kabisa, linalotazama ukuta wa jirani umbali wa hatua mbili. Jirani kapaka njano. Kwa hiyo jua halingii kwangu. Kinachoingia ni njano ya jirani, na njano juu ya samawati inazaa kijani. Kabla hujanunua chochote, panda kwenye kiti uchungulie dirisha lako linatazama nini.

Na jambo la tatu, kisha twende kwenye rangi zenyewe: chumba kidogo huzidisha rangi. Kuta nne zimekaribiana, kila moja inairushia mwenzake, na ile hafifu ya kwenye kadi ikishajirudia mara nne inakuwa nzito. Ndiyo maana siku hizi namwambia mtu wa mashine ya kuchanganya rangi dukani anitilie nusu ya kipimo cha rangi niliyoichagua. Wengine hukunja uso. Hulipi uso wake.

Rangi ninayoiweka juu ya zote ni ile ya kijivu-kijani yenye ubuluu kwa mbali. Ukiitafuta kwenye simu utaikuta kwa jina la Kimarekani, Sea Salt, SW 6204 ya Sherwin-Williams. Usiende dukani ukidai kopo la jina hilo; nenda na picha, au bora zaidi kipande cha kitu chenye rangi hiyo, wakutafutie ndugu yake kwenye kadi yao. Kinachoiokoa ni kile kijivu. Kijivu ndicho kinachoikalisha rangi chini balbu inapowaka, isirukie kijani wala buluu. Mchana utasema ni maji, usiku utasema ni kijivu cha upole, na uso wako utabaki wako. Nimeipaka bafu la pili la nyumba na mama mkwe hajasema neno, ambayo kwake ni sifa.

Ya pili ni ninayoiita maji ya dafu. Huioni kwenye kadi kwa jina hilo, nimelibuni mwenyewe. Ni nyeupe iliyotiwa tone la kijani na tone la kijivu, kiasi kwamba ukiiweka peke yake unaapa ni nyeupe, ukiibandika kando ya sinki jeupe ndipo unaona si nyeupe. Kwa bafu lisilo na dirisha kabisa, na fleti zetu nyingi ndivyo zilivyo, naiweka ya kwanza. Rangi huwa na kipimo cha mwanga inaourudisha, kuanzia 0 ya weusi tii hadi 100 ya nyeupe pepepe. Sea Salt inacheza kwenye 60 na kitu. Kwenye bafu la giza tafuta inayopita 70.

Ya tatu, samawati yenye kijivu, jamii ya Palladian Blue, HC-144 ya Benjamin Moore. Nzuri mno kwenye picha, na picha hizo zimepigwa kwenye mabafu yenye dirisha la kuingiza kitanda. Kama unalo dirisha hilo, hongera. Angalia tu taili zako: samawati ikikaa juu ya taili za krimu, taili ndizo zinazoonekana chafu, utasugua hadi uchoke.

Feruzi ndiyo ya mwisho. Nishaeleza.

Sasa kopo. Mimi ni mtu wa Crown, kampuni ya rangi, na sifichi, na hakuna aliyenilipa. Nanunua ile ya silk vinyl, yenye mng'ao wa hariri, kwa sababu kwangu nimeirudia rangi ileile baada ya muda ikaja ileile, na kwa rangi hafifu hilo ndilo jambo. Duracoat ya Basco nimeiona kwa dada yangu Likoni, sina la kuisema vibaya. Matt, ile isiyo na mng'ao, usiiguse bafuni na mvuke wa pwani hii. Itakunywa maji na ukungu mweusi utaanza kwenye kona za siling. Na zile ndoo za bei ya chini zilizokwisha changanywa kiwandani, "sky blue" na wenzake, zote ni tamu kama pipi na hazina kijivu. Zipite.

Fundi wako atakwambia bafu ni rangi ya mafuta. Mskilize, kisha ukatae. Rangi ya mafuta huingia njano kadiri miaka inavyokwenda, na hufanya hivyo haraka zaidi mahali pasipopata jua, yaani bafuni hasa. Njano ikishaingia kwenye ile samawati yako, utakuwa na kijani ambacho hukukinunua. Mabafu ya nyumba za kupanga yale unayoyajua yenye kijani cha ajabu, mengine yalianza maisha yakiwa buluu.

Niseme na hili la vipimo, kwa sababu bado lina uchungu. Bafu langu ni mita moja na nusu kwa mbili. Taili zimepanda, ukuta uliobaki juu yake ni kama mita moja kuzunguka, yaani mita saba za mraba hata kabla hujatoa mlango. Lita moja hupaka mita kumi za mraba hivi kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mikono miwili, lita moja na nusu inatosha na fundi akamwaga kidogo. Nikaomba makopo mawili ya lita moja. Nikaambiwa mashine haichanganyi ya lita moja, ni ya lita nne kwenda juu. Kopo la lita nne la silk lilikuwa limepita shilingi elfu tatu! Duka la pili, mtaa uleule, mashine ya aina ileile, inachanganya ya lita moja bila shida, ila huko nilifika nikiwa nimeshalipa. Na rangi ikishachanganywa hairudishwi, hilo wanalo kwenye karatasi kubwa ukutani. Mashine ikiwa "imeharibika" watakutolea vichupa vya rangi kali wakuchanganyie kwa kijiti. Toka. Tone moja likizidi kwenye rangi hafifu unaliona kutoka barabarani, na kopo la pili halitafanana na la kwanza. Hata ya mashine, ukinunua makopo mawili, yamimine yote kwenye ndoo moja ukoroge kabla ya kupaka.

Jaribio ninalolifanya siku hizi halina gharama ya maana. Chukua kipande cha siling bodi, kikubwa kama sinia, ukipake mikono miwili na ukiache kikauke usiku kucha, maana emalshani mbichi huonekana nyeupe kuliko itakavyokuwa. Kiegemeze kando ya kioo. Kitazame saa mbili usiku taa ikiwaka na mlango umefungwa, kisha alfajiri, na uweke mkono wako juu yake. Tazama mkono, usitazame rangi. Mkono ukionekana mgonjwa, umeshapata jibu.

Ile feruzi ilibaki zaidi ya lita mbili. Sikuwa na moyo wa kuimwaga, nikamwambia kijana wa nyumbani apake banda la kuku nyuma ya nyumba. Kule hakuna balbu. Asubuhi jua likipanda na kulipiga lile banda, ndiyo hasa bahari niliyoitaka.