Tathmini: Mita nafuu ya umeme na lori la zamani linalochaji kupita kiasi

Mita ninayoitathmini ni ile ndogo ya kidijitali yenye swichi ya kuzungusha katikati, waya mwekundu na mweusi, na kioo kinachoonyesha tarakimu hadi 1999. Huuzwa kwa majina mengi, ingawa vilivyomo ndani yake ni karibu vilevile. Nimeitumia kwa kazi moja mahususi, yaani kutafuta ni kwa nini altaneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme) ya lori la zamani, lenye mfumo wa volti 12 na rejuleta (kifaa kinachodhibiti volti za altaneta) iliyofungwa peke yake kwenye bodi, ilikuwa ikichaji betri kupita kiasi. Kwa kazi hiyo imenifaa kuliko nilivyotarajia, ila vipo vipimo ambavyo haifai kuaminiwa hata kidogo, na mnunuzi anastahili kuvijua kabla hajaanza kubadilisha vipuri kwa kutegemea namba aliyoiona kwenye kioo.

Dalili za lori lenyewe hazikuhitaji chombo chochote: maji ya betri yalikuwa yakipungua upesi, betri ilitoa harufu ya mayai viza, taa za mbele ziliongezeka mwanga kila mafuta yalipokanyagwa, na balbu hazikudumu. Mita ilichoongeza ni kiasi cha tatizo. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6 au 12.7, na injini ikiwaka, rejuleta nzima huzuia volti zisitoke kati ya 13.8 na 14.5, ikiruhusu zaidi kidogo wakati wa baridi. Zikivuka 15 kwa muda mrefu, sehemu kubwa ya umeme unaoingia huishia kuyavunja maji ya betri kuwa haidrojeni na oksijeni, mchanganyiko unaoweza kulipuka kwa cheche moja tu. Katika lori hili, resi ilipopandishwa kiasi, ncha za betri zilisoma 15.4.

Kabla ya kuamini namba kama hiyo, mita yenyewe lazima ihojiwe, kwa kuwa mita za aina hii zina kasoro mbaya: betri yake ya volti 9 inapokaribia kuisha, baadhi yake huanza kusoma juu kuliko ukweli, na altaneta isiyo na hatia huonekana kuwa na kosa. Alama ya betri dhaifu haitokei kwa wakati, na wakati mwingine haitokei kabisa. Dawa yake ni rahisi, nayo ni kuweka betri mpya na kulinganisha usomaji na mita nyingine. Ikiwa na betri nzima, ile niliyoitumia ilipishana na mita bora zaidi kwa tarakimu chache za mwisho tu, jambo ambalo halibadilishi uamuzi wowote katika kazi hii.

Faida yake kubwa, ambayo wengi hawaitumii, ni kupima volti zinazopotea njiani. Rejuleta haioni betri moja kwa moja, bali huona kile kinachofika kwenye ncha yake kupitia kisanduku cha fyuzi, swichi ya ufunguo na viungo vyote vilivyo katikati. Umeme ukipotea njiani, rejuleta hudhani kwamba betri ina njaa, nayo huiamuru altaneta iongeze. Ndiyo maana rejuleta mpya, iliyokuwa imekwishafungwa kwenye lori hili, haikubadilisha chochote. Niliweka ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye ncha ya rejuleta inayopokea umeme, injini ikiwaka, na kioo kikaonyesha volti 1.1. Ukitoa 1.1 katika 15.4 unabaki na 14.3, maana yake rejuleta ilikuwa ikifanya kazi yake barabara kwa kadiri ilivyoona. Nikaifuata njia hiyo kipande kwa kipande: 0.7 ilikuwa ikipotea kwenye kishikio cha fyuzi kilicholiwa na kutu, 0.3 kwenye swichi ya ufunguo, na iliyobaki kwenye nyaya zenyewe. Kishikio kiliposafishwa na swichi kubadilishwa, betri ilisoma 14.4.

Kipimo hichohicho hufanywa upande wa hasi, kati ya ncha hasi ya betri na kasha la rejuleta, ambako usomaji unaozidi takriban 0.1 ni sababu tosha ya kukwangua rangi na kutu chini ya boliti ya ethi. Njia zote mbili zikiwa safi na volti bado ziko juu, huzimwa injini, waya unaopeleka umeme kwenye koili ya sumaku iliyo ndani ya altaneta huchomolewa kwenye rejuleta, kisha injini huwashwa tena. Altaneta ikiendelea kupandisha volti, waya huo umegusana na kitu mahali fulani, au hitilafu iko ndani ya altaneta. Ikiacha kuchaji, ndipo rejuleta inapostahili kulaumiwa. Kuchomoa betri wakati injini inawaka ili kuona kama itazima, desturi ambayo bado inafanywa, huzua msukumo wa volti unaoweza kuunguza dayodi za altaneta, yaani vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu.

Sasa udhaifu wake. Upande wa umeme wa mkondo geu (AC), ambao ungetumika kutambua dayodi mbovu, haufai kabisa: mita nyingi za daraja hili, zikiwekwa hapo na kuguswa kwenye betri ya kawaida, huonyesha takriban mara mbili ya volti zake, na ukigeuza nyaya huonyesha sufuri. Tundu la ampea 10 nalo lisikaribie waya mkuu wa altaneta, kwa kuwa mkondo wake ni mkubwa mara kadhaa. Kazi hiyo ni ya mita ya klampu, ile inayobana waya kwa nje bila kuukata. Nyaya za mita hii ndogo ni fupi na ngumu, kiasi kwamba kutoka kwenye betri hadi kwenye rejuleta nililazimika kuunganisha waya wa ziada wenye vibanio. Pia haina uwezo wa kuhifadhi usomaji wa juu kabisa, hivyo lazima mtu mmoja akanyage mafuta na mwingine atazame kioo.

Malori yenye mfumo wa volti 24 yanahitaji onyo la peke yake. Hapo kuchaji kwa kawaida huwa kati ya 27.6 na 29 hivi, na mita ya tarakimu 1999 haiwezi kusoma zaidi ya volti 20 bila kuhamishwa kwenye kipimo cha 200, ambako huonyesha sehemu moja tu ya kumi ya volti. Kwa kutafuta upotevu mdogo njiani bado inatosha, kwa sababu tofauti kati ya ncha mbili hupimwa kwenye kipimo cha chini, lakini kwa kurekebisha rejuleta inayopangwa kwa skrubu ni heri kununua mita inayoonyesha tarakimu hadi 6000 yenye kuhifadhi usomaji wa juu na wa chini. Mwenye lori la volti 12 hana haja ya kutumia zaidi, mradi anunue na betri ya akiba ya volti 9.