Roboti ya kuchuja matusi kwenye kundi la siasa: uzoefu wangu Kigoma

Tangu kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, mimi ni mmoja wa wasimamizi wa kundi la mijadala ya siasa la watu wa Kigoma. Wenzangu wanaosimamia makundi ya namna hii, wa Kasulu hadi Uvinza, wananiuliza pembeni kama ile roboti ya kuchuja maneno, yaani programu inayofuta matusi yenyewe, inafaa. Inafaa, ila si kwa ile kazi ambayo wengi wanaitafutia.

Tulianzia WhatsApp, ambako kundi linaishia watu 1,024. Tukahamia Telegram kwa sababu huko unaweza kumnyamazisha mtu mmoja kwa saa moja au siku moja bila kumtoa, na wasimamizi wanaona kumbukumbu ya yaliyofutwa kwa saa 48. Roboti unaiunganisha juu yake. Sitaitaja jina, maana ziko nyingi na zinafanana: unaipa orodha ya maneno, ikiliona neno inafuta, mtu akirudia inamfunga mdomo. Hailipiwi. Utakacholipa ni bando na usingizi wako.

Sasa shida ya kwanza, ambayo sikuona mtu ameiandika kwa Kiswahili. Roboti hizi zinakupa njia mbili: itafute neno zima peke yake, au itafute herufi zake popote zilipo. Kiswahili chetu hakikubali njia zote mbili. Chukua neno "mbwa", maana ndilo linalotupwa sana watu wakikasirika. Ukiiambia itafute neno zima, anayeandika "majibwa haya" anapita salama, na njia ya pili nayo haimkamati. Ukiiambia itafute herufi popote, inafuta "mnaombwa kufika ofisi ya mtaa", inafuta "wimbo ulioimbwa", inafuta "ukumbi umepambwa". Tangazo la mkutano wa mtaa Gungu lilifutwa hivyo hivyo, na aliyelituma akaonywa mbele ya watu wote kana kwamba ametukana. Huyo ni mama wa watu, mtulivu, hajawahi kumjibu mtu vibaya. Ilibidi nimpigie simu kumwomba radhi. Na vitenzi ndiyo usiseme: "fukuza" inakuja kama wafukuzwe, tuwafukuze, mkafukuzwe. Hakuna orodha itakayomaliza viambishi.

Shida ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya hapa kwetu hasa. Chuki ya kisiasa Kigoma mara nyingi haina tusi ndani yake. Inavaa kanzu. Mkoa huu umepokea Warundi tangu 1972, Wakongo wako kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu 1996, na Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba wasemaji wake wanasikilizana. Kwa hiyo mgombea wa uenyekiti wa mtaa akianza kuungwa mkono, silaha rahisi kuliko zote ni kuuliza uraia wake. Mtu anaandika kwa adabu kabisa: "Ndugu yetu, mbona hujatuambia babu yako amezikwa wapi?" Mwingine anaongeza: "Gari la Manyovu linaondoka asubuhi." Kila aliyekulia hapa anajua Manyovu ni mpakani mwa Burundi, na anajua aliyeandika hakuwa anatoa ratiba ya magari. Roboti haikuona kitu. Mgombea mwenyewe, Muha aliyezaliwa Kibondo, alikaa kimya siku nzima, kisha akaondoka kundini.

Tulijaribu kuliweka neno "Mrundi" kwenye orodha. Zikaanza kufutwa habari za bei ya mawese, za wafanyabiashara wanaovuka kwenda Bujumbura, hadi salamu za wanachama ambao ni Warundi kweli na hawana tatizo na kuitwa hivyo. Tukaliondoa.

Utani nao inaukosea. Mashabiki wa Simba na Yanga wanarushiana maneno ambayo mashine inayaona ni vita, kumbe ni watu wanaokunywa chai pamoja Mwanga.

Lakini kuna kitufe kimoja ambacho kimelisaidia kundi letu kuliko orodha yote, wala si cha roboti, ni cha Telegram yenyewe: kile cha kupunguza kasi. Mtu akishaandika, haandiki tena mpaka muda uliopangwa upite, kuanzia sekunde chache hadi saa nzima. Sisi tunaweka dakika tano mjadala ukichemka. Watu wanasoma kabla ya kujibu. Aliyekuwa ameandaa mistari kumi ya kejeli anaandika mmoja, na kwa kuwa ni mmoja anauchagua. Hasira nyingi za mtandaoni zinaishi kwa kujibizana papo kwa papo, na hapo zinakosa pumzi. Kwa hili tu ningehama tena.

Yale ya Manyovu tumeyakabidhi kwa watu. Tuna mzee mmoja wa Ujiji na dada mmoja wa Kasulu anayekijua Kiha cha ndani. Roboti ikikamata kitu, au mwanachama akilalamika, ujumbe unapelekwa kwao kwanza. Mzee ana desturi ambayo nimeiheshimu sana. Siku moja nilitaka kumtoa kijana aliyekuwa akichokoza, akaniambia, "Mwanangu, huyo usimfute. Nipe namba yake niongee naye, namjua baba yake." Nikajibu, "Sawa mzee." Yule kijana alifuta ujumbe wake mwenyewe jioni ile na bado yumo kundini, anabishana vizuri tu.

Neno moja tu halina mjadala kwetu: kumwita binadamu mende. Anayeandika hivyo anatoka saa ileile, awe mtoto wa nani. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, redio ya RTLM ya huko ilikuwa inawaita Watutsi hivyo hivyo, "inyenzi", na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Nahimana na Barayagwiza, waanzilishi wa redio hiyo. Sisi ni majirani wa nchi ile. Hapa ndipo roboti inafanya kazi safi, kwa sababu tunataka ifute bila kuuliza, hata saa tisa za usiku tukiwa tumelala.

Wajumbe wapya huwa tunawakumbusha pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa maandishi na matusi ya ubaguzi. Wengi hawakuwa wanajua kabisa.

Ningeipa nyota tatu kati ya tano. Kundi lako likiwa dogo la watu wanaofahamiana, usijisumbue nayo. Likiwa kubwa, weka maneno machache yasiyo na maana ya pili, uwe na watu wawili watatu wanaojua lugha za nyumbani, na wiki ya kwanza iweke roboti iwape taarifa wasimamizi tu, isifute chochote. Soma ilichokamata kila jioni. Ukikuta mwaliko wa kikao cha mtaa umo humo, punguza orodha kabla hujaipa ruhusa ya kufuta.