"Vyoo vyote ni vyoo," kaniambia. Nusura nimtupie sinki

Niseme mapema: sinki la choo lenyewe ni zuri. Ila yule kijana wa dukani, hapa hapa mjini Mtwara, sitamsahau.

La zamani lilipasuka chini, ukiflashi maji yanachuruzika hadi koridoni. Fundi kataja bei ya ufundi, nikajua huyu kasikia korosho zimeuzwa. Nikasema nafanya mwenyewe. Kufunga maji, kukausha tangi kwa tambara, kukata skrubu kwa msumeno wa chuma (huku Shangani upepo wa bahari hauna huruma na chuma, zilikuwa kutu tupu), yote nimemaliza kabla ya adhuhuri. Tundu nikaliziba kwa gunia, maana harufu yake, mama yangu!

Sasa dukani. Nimeuliza kwa adabu zangu zote: "Kaka, bomba langu la uchafu limeingia ukutani, hili litakubali?" Macho yake kwenye simu. "Mama, vyoo vyote ni vyoo." Nikalipa. Mjinga mimi.

Nafika nyumbani, nalitua, mkia wake unatazama sakafuni! Kumbe kuna linalotolea chini, mafundi wanaita S, na linalotolea ukutani, P. Mimi ningejulia wapi? Nikarudi nalo kwenye bajaji, nimelipakata kama mtoto mgonjwa, Soko Kuu zima linanitazama. Na yeye: "Bidhaa ikitoka hairudi. Mwambie baba aje, nitamwelewesha."

Baba! Baba yupi? Mume wangu balbu tu inamshinda, na saa hiyo yuko kwa jirani kaomba choo. Malengelenge ya msumeno ni yangu, halafu wa kueleweshwa ni baba. Nilisema maneno ambayo hapa siyaandiki. Wanaotuita watu wa Kusini wapole wangenikuta siku ile.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa hapo hapo, alikuwa nyuma anapanga mabomba. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, kutoka sakafuni hadi katikati ya tundu ni kiasi gani?" Sikujua. Nikapiga simu nyumbani, binti akapima kwa rula ya shule: sentimita 18. Mzee akaenda stoo akaniletea la P, nikaongeza hela kidogo, basi. Dakika kumi! Yule mwingine angepungukiwa nini kuuliza swali hilo moja?

Na mzee ndiye aliyenifundisha kukaza nati kidogo kidogo, huku kisha kule, ukikamia upande mmoja linapasuka. Kwa hasira nilizokuwa nazo, bila yeye ningelipasua. Jioni nikadondoshea rangi ya keki kwenye tangi, nikasubiri nusu saa bila kuflashi. Ndani ya sinki kukabaki kweupe, yaani hakuna maji yanayopenya kutoka kwenye tangi. Nikaflashi. Jamani, linavuta kama limetumwa! Halitikisiki, na mume wangu ndiye analisifia kwa wageni utadhani kalifunga yeye.

Duka nilikuwa nimeliandikia nyota sifuri. Kwa ajili ya mzee nikapandisha hadi tatu. Nikikumbuka "mwambie baba" napunguza moja. Lakini bomba la beseni nalo limeanza kudondosha, na vitu vizima viko kwao. Nitarudi, na futi kamba mkononi, na kijana akifungua mdomo nampita naenda kwa mzee.