Mtambo wa CO₂ wa chupa mbili: mzuri, ila usiununue peke yake

Kwa tangi la samaki lenye mimea la lita 60 hadi 100, mtambo wa kuilisha mimea CO₂ (gesi ya kaboni dioksidi) kwa asidi ya sitriki na bekingi soda unatosha kabisa, na malighafi zake hazisumbui kupatikana Dar. Boksi huja na vifuniko viwili vyenye mirija, geji ya presha na valvu ya sindano, ile ya kurekebisha gesi kidogo kidogo. Kifuniko kisicho na valvu ya kupunguza presha kiache dukani. Chupa unatafuta mwenyewe: ziwe za soda za lita 2, maana za maji ya kunywa hazihimili presha.

Chupa ya kwanza tia gramu 200 za asidi na mililita 600 za maji. Ya pili gramu 200 za bekingi soda na mililita 200 za maji. Funga, kisha minya ya kwanza kidogo kidogo mpaka geji ianze kupanda. Ujazo huo hutoa gesi gramu 100 hivi. Magadi hayafai badala ya bekingi soda: hutoa gesi pungufu kwa gramu ileile, na uchafu wake huziba valvu. Mrija wa silikoni nao huvujisha gesi. Weka wa PU (plastiki ya poliyurethani), na valvu ya kuzuia maji kurudi karibu na tangi.

Anza na kiputo kimoja kwa sekunde. Kichupa cha kupimia CO₂ ndani ya tangi, kile kinachobadilika rangi, kijazwe kimiminika cha 4 dKH (kipimo cha ugumu wa kaboneti wa maji), kamwe si maji ya tangi wala ya kisima, la sivyo rangi itakudanganya. Kijani ni takriban miligramu 30 kwa lita, njano ni hatari, na rangi huchelewa hadi saa mbili kubadilika. Samaki wakihema juu ya maji huku rangi ni ya kijani, waamini samaki.

Udhaifu wake mkubwa ni usiku: haujizimi. Taa ikizimwa, mimea huacha kutengeneza oksijeni na hubaki kuivuta tu na kutoa CO₂, na joto letu halisaidii. Maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni miligramu 8.3 kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7.6 tu. Wengi hudhani CO₂ huifukuza oksijeni. Sivyo, kila gesi huyeyuka kivyake, na tangi lenye mimea yenye afya mchana huwa na zote mbili kwa wingi. Kinachoua alfajiri ni oksijeni kupungua huku CO₂ ikilimbikizana. Kwa hiyo nunua na pampu ya hewa yenye taima: iwake taa inapozimwa, izime saa moja kabla taa haijawaka. Mchana, elekeza mdomo wa filta ili uso wa maji utikisike kidogo tu.

Umeme ukikatika, filta husimama lakini gesi huendelea kuingia. Funga valvu ya sindano mara moja, washa pampu ya betri, na usifungue gesi tena mpaka filta izunguke.