TAHADHARI: hadi diski zenye sekta mbovu zinauzwa kama nzima

Ukiambiwa "ilikuwa na sekta mbovu chache, tumeshaziondoa", usitoe pesa kwanza. Sekta, yaani kipande kidogo cha diski kinachotunza data, ikishakuwa mbovu haiondoki. Diski huiacha na kutumia ya akiba, na akiba hiyo ina mwisho.

Ujanja wa kwanza ni kuijaza diski sifuri mwanzo hadi mwisho, kisha kuiita "imefomatiwa upya kabisa". Sekta zinazoshukiwa na zinazosubiri kuamuliwa, zile za C5 kwenye SMART (rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea), zikiandikwa upya ama zinakubali ama zinabadilishwa, na C5 inarudi 0. Ndiyo maana unatumiwa picha ya skrini ya C5 peke yake, mstari wa 05 umekatwa. Hiyo 05 ndiyo idadi ya sekta zilizokwisha kuhamishwa. Dai orodha nzima: 05, C5, C6 (sekta zilizoshindikana kusomeka) na 09, yaani saa ilizowaka (8,760 ni mwaka mzima bila kuzimwa). Angalizo: kwa kawaida CrystalDiskInfo, programu ya Windows ya kusoma SMART, huonyesha thamani ghafi kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), hivyo 64 pale ni 100.

Ujanja wa pili ni kuliacha eneo bovu nje ya patisheni. Diski ya TB 1 husomeka GB 931 kwenye Windows. Ukikuta 780, fungua Disk Management, utaona kipande chenye ukanda mweusi, yaani kisichogawiwa patisheni. Kitengenezee patisheni na ukifomati papo hapo, tena fomati kamili. Ile ya haraka haikagui sekta.

Hata saa za 09 hufutwa. Mwaka 2025 diski za Seagate zilizotumika maelfu ya saa ziligunduliwa zikiuzwa kama mpya, na kilichowaumbua wauzaji ni FARM, kumbukumbu nyingine ambayo diski za Seagate hujiwekea. Isome kwa programu ya smartctl: `smartctl -l farm /dev/sdb` (toleo 7.4 kwenda juu; /dev/sdb ni jina la diski kwenye Linux, weka la kwako), ulinganishe na 09.

Kisha ipime diski nzima kwa `smartctl -t long /dev/sdb`. Huchukua saa kadhaa. Muuzaji asiyetaka kungoja, achana naye. Matokeo ya kipimo yakiandika "read failure", irudishe. Kasha la USB likificha SMART, itoe diski uichomeke SATA moja kwa moja.

Umeshauziwa na mafaili yako yamo ndani? Usikimbilie `chkdsk /r`, amri ya Windows ya kutafuta sekta mbovu, inaichosha diski iliyo mahututi. Inakili kwanza kwa ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu, kwenda diski nyingine.